Mchango Wangu Mlipokea

Kila mwaka Septemba ikikaribia, chuo nilichosoma mjini Pune, India, hutoa picha ileile. Wanafunzi sita au saba kutoka Afrika wamesimama mbele ya sanamu ya Ganpati, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Wavulana wamevalishwa kurta, wasichana sari, kila paji la uso lina alama nyekundu, meno yote nje. Maelezo ya chini hayabadiliki sana: utamaduni, umoja, familia moja. Mimi nimo katika picha ya mwaka 2023, wa pili kutoka kushoto, kurta ya bluu ya kuazima. Sioni aibu kuwemo. Ninachokipinga ni kazi ambayo picha hiyo inafanyishwa.

Kazi yenyewe ni ya cheti. Mzazi wa Dar es Salaam au Lilongwe akitaka kujua mwanawe ataishi vipi huko, anaonyeshwa picha. Mwanafunzi akilalamika, anakumbushwa jinsi alivyocheza. Nami nasema sikukuu haiwezi kuwa cheti cha namna hiyo. Kumwita mgeni aje acheze ngoma yako hakukugharimu kitu. Pengine kunaipendezesha shughuli. Ukitaka kujua kama mtaa umempokea mtu, subiri maturubai yateremshwe, kisha umtazame akitafuta chumba cha kupanga.

Nitaanza na utamu, maana ulikuwepo, tena mwingi, na sitaki mtu aseme naandika kwa donge.

Sikukuu ya Ganpati huja katika mwezi wa Bhadrapada wa kalenda ya Kihindu, unaoangukia kati ya Agosti na Septemba, mvua za huko zikianza kupungua. Mwaka 2023 ilianza tarehe 19 Septemba. Familia nyingi huleta nyumbani sanamu ndogo, huiweka sebuleni siku moja na nusu, siku tano au zote kumi, huiandalia chakula, huiimbia asubuhi na jioni, kisha huenda kuizamisha majini. Mbali na hizo za majumbani kuna za mitaa. Mtaa huwa na mandali, yaani kikundi cha wakazi wanaochangishana fedha, wanaojenga kibanda barabarani, kuweka sanamu kubwa na kufunga taa na spika ambazo zingetosha uwanja wa mpira.

Wa mandali ya kwetu walitugongea mlango wiki mbili kabla. Vijana watatu na mzee mmoja, kitabu cha risiti mkononi. Fleti 304 tulikuwa watatu: mimi wa Tanga, mwenzangu wa Tabora na Mmalawi mmoja aliyekuwa akisomea famasia. Mzee, ambaye pia alikuwa katibu wa sosaiti, yaani chama cha wenye fleti za jengo letu, alitueleza kwamba mchango huo unaitwa vargani na kila mlango hutoa. Nikauliza kiasi gani. Akasema tupendavyo, ila kiishie na moja: 101, 251, 501. Ile moja ya mwisho ni ya heri, ili hesabu isifungwe. Tukatoa rupia 501. Akaandika risiti kwa jina langu, akalikosea herufi mbili, na chini yake akaandika namba ya fleti.

Kuanzia hapo tukawa watu wa jengo. Kila jioni tulishuka kwenye arati, ambapo taa ya samli huzungushwa mbele ya sanamu, kengele zikipigwa na watu wakipiga makofi. Bibi mmoja wa ghorofa ya pili alijipa kazi ya kutulisha. Sikukuu hiyo ina kitafunio chake, modaki, ambacho inasemekana Ganpati anakipenda kuliko vyote: unga wa mchele unaopikwa kwa maji, unakandwa, unafinyangwa kama kifuko chenye mikunjo, unajazwa nazi ya kukuna iliyochanganywa na sukari guru na hiliki, kisha unapikwa kwa mvuke. Hakuna kitu humo ambacho jiko la Tanga halikijui. Hata sukari guru yenyewe, hilo neno “guru” tumelitoa kwao. Nilipomwambia bibi kwamba kwetu nazi na mchele havitengani, alinitazama kama mtu aliyepata ndugu, akaniongezea modaki tatu.

Lugha ilituchekesha pia. Kwa Kimarathi “dada” ni kaka mkubwa, “kaka” ni baba mdogo, na “mama”, Mungu nisamehe, ni mjomba. Kwa hiyo watoto wa jengo waliniita dada kwa siku kumi, na mimi mwenye ndevu nikaitika. Mmalawi hakuona kilichochekesha. Wa Tabora alicheka hadi akakaa chini.

Vijana walinifunga dhol kiunoni, ile ngoma kubwa inayopigwa upande mmoja kwa kijiti na upande wa pili kwa mkono, wakaniweka safu ya tatu ambako makosa hayasikiki. Tarehe 28 Septemba ilikuwa siku ya kuzamisha. Katikati ya jiji msafara wa mandali kubwa huchukua zaidi ya saa 24. Ganpati watano wenye heshima ya kutangulia ndio wanaoanza, na Kasba Ganpati akiwa wa kwanza. Hapitwi na yeyote. Sisi wa pembeni tulikuwa na msafara wetu mdogo hadi kando ya mto Mutha, ambako manispaa huweka matangi ya maji ili sanamu za plasta zisiharibu mto. Tulifika tumekuwa wekundu kichwa hadi miguu kwa unga wa gulali. Sanamu inapoingia majini watu humsihi Ganpati awahi kurudi mwakani. Wapo waliokuwa wakilia. Koo langu nalo lilikaza, sitadanganya.

Kuna ndugu wa nyumbani walionitumia ujumbe kwamba nimekwenda kuabudu sanamu. Jibu langu ni fupi: nilikula, nilipiga ngoma, nilibeba spika, na imani yangu niliondoka nayo na nimerudi nayo. Anayedhani jirani yako akifurahi ni lazima ufunge dirisha, tatizo lake si dini.

Sasa tuje Oktoba.

Mkataba wetu ulikuwa wa miezi 11, kama ilivyo mikataba mingi ya kupanga huko, na ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo. Mwenye fleti hakuwa na neno nasi. Kodi tulilipa kwa wakati. Wiki ya pili ya Oktoba sosaiti ikakaa kikao chake. Kesho yake karatasi ikabandikwa kando ya lifti: kuanzia sasa fleti za jengo hili hazitapangishwa kwa makapera wala raia wa kigeni. Makapera wengine wote wa jengo walikuwa wana wa majirani wanaoishi na wazazi wao. Kwa hiyo karatasi ile ilihusu mlango mmoja.

Nilimfuata katibu, mzee yule wa risiti. Alinikaribisha chai.

“Si wewe, beta,” aliniambia. Beta ni mwanangu. “Wewe ni kijana mzuri. Tulikuona kwenye Ganpati. Lakini watu wana wasiwasi.”

“Wasiwasi wa nini, anko?”

“Kelele. Wageni wanaokuja usiku. Polisi na karatasi zao.”

Kelele. Mtu ambaye kwa siku kumi alifunga spika zilizofanya sufuria zetu ziteme vifuniko alikuwa akiniambia habari ya kelele, na aliniambia bila kutabasamu. Kuhusu polisi alikuwa na ukweli kidogo: India, wakati huo, aliyempa mgeni wa kigeni malazi alitakiwa kutuma Fomu C kwa maofisa wa uhamiaji ndani ya saa 24. Ilijazwa kwa intaneti. Mwenye fleti yetu alikuwa ameshaijaza, na hakuna polisi aliyewahi kuja.

Nilipiga simu kwa madalali 14. Nilihesabu kwa sababu baada ya wa tano niliona hii itahitaji ushahidi. Mazungumzo yalikuwa na mfuatano mmoja: chumba kipo, kodi ni hii, amana ni hii, njoo kesho uone, unatoka wapi? Tanzania. Kimya. Kisha, “Mwenye nyumba anataka familia.” Mmoja, mwenye huruma, alinishauri niseme natoka Mauritius. Chumba nilichopata mwishowe kilikuwa kilomita 11 kutoka chuoni, kwa kodi iliyozidi ya zamani kwa theluthi, kwenye jengo ambalo wapangaji wote walikuwa Waafrika na Wayemeni. Huko hakuna mandali iliyokuja kuomba mchango.

Tuna methali ya kale, Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nimeishi Pune nikaiona ikigeuzwa upande wa pili. Mwafrika mbaya, rupia zake 501 dawa. Mwafrika mbaya, picha yake dawa.

Nimewaeleza watu habari hii na nimepata majibu matatu. La kwanza: India imewasomesha kwa ada nafuu, acheni kutukana mwenyeji. Ada nililipa, na risiti zake pia ninazo. Aliyenunua huduma halipi tena kwa kunyamaza. La pili: hata Wahindi wenyewe wananyimwa nyumba. Hili ni kweli, na linaongeza uzito wa hoja yangu. Yapo majengo ambayo Mwislamu aliyezaliwa Pune hapati fleti. Yapo yanayouliza kama unakula nyama kabla ya kuuliza kama una hela. Mlango unaofungiwa watu wa aina tatu haujawa wazi kwa sababu wamefungiwa wengi.

La tatu ndilo linaloniudhi: chumba tu? Kuna mabaya zaidi. Najua. Januari 2016 mjini Bengaluru kundi la watu lilimshambulia mwanafunzi wa Kitanzania, likamchania nguo, kwa sababu muda mfupi kabla Msudani asiyemjua alikuwa amegonga na kuua mwanamke kwa gari mahali hapo. Serikali ya India ililaani, watu wakakamatwa. Lakini tafakari jinsi jambo kama lile linavyowezekana. Ni lazima kwanza watu weusi wawe hawana majina. Mtu uliyeishi naye ukuta kwa ukuta unamjua kuwa ni yule wa 304 anayekohoa usiku. Huwezi kumchanganya na Msudani. Mtu unayemwona siku kumi kwa mwaka, amepakwa rangi, anapiga ngoma, ni Mwafrika tu, na Mwafrika yeyote atalipia kosa la mwingine. Karatasi ya kando ya lifti na kundi la Bengaluru hayalingani kwa ubaya, ila yanakunywa maji ya kisima kimoja.

Hata sikukuu yenyewe ina historia isiyoingia kwenye picha. Mwaka 1893 Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa na mhariri wa gazeti la Kesari, aliipigia debe sherehe hii iliyokuwa zaidi ya majumbani iwe ya barabarani. (Pune wapo wanaoshikilia kwamba Bhausaheb Rangari alimtangulia mwaka 1892. Ukitaka ugomvi, anzisha mada hiyo kwenye kibanda cha chai.) Utaambiwa lengo lilikuwa kuwaunganisha watu dhidi ya Mwingereza, na ni kweli. Lakini Agosti ya mwaka huohuo kulikuwa na ghasia za Wahindu na Waislamu mjini Bombay. Kabla ya hapo Wahindu wengi walizoea kuingia katika maandamano ya Muharram pamoja na majirani zao Waislamu, wakipiga ngoma na kutembea na tazia. Ganpati alipotoka barabarani, walihimizwa waache, na wengi wakaacha. Sherehe iliyowakusanya watu iliwatoa pia kwenye sherehe ya jirani.

Na jirani bado yupo. Mwaka ule wa 2023 siku ya kuzamisha iliangukia siku ya Maulidi. Katika miji kadhaa ya Maharashtra Waislamu waliahirisha maandamano yao ili kuupisha msafara wa Ganpati, na serikali ya jimbo ikatangaza tarehe 29 Septemba kuwa siku ya mapumziko. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwa uji na maulidi, nilijua uzito wa kuiahirisha siku ile. Je, jirani aliyepisha njia naye anapata fleti katika jengo la waliopita? Hiyo ndiyo picha ambayo ningependa chuo kiitoe.

Ninachodai Pune si kikubwa. Chuo kinachochukua ada ya mwanafunzi wa kigeni kiwe na orodha ya wenye nyumba walio tayari, kiweke saini ya udhamini kwenye mkataba, kijaze fomu ya malazi ya mgeni pamoja na mwenye nyumba, na sosaiti ikibandika karatasi, mtu wa ofisi ya wageni aende akakae kikaoni. Ofisi ya chuo changu ilikuwa na mpiga picha wa kuajiriwa. Mtu wa nyumba haikuwa naye. Na mandali zote za jiji hilo, kama mlango unatakiwa kutoa mchango, basi mlango huo uwe na kura.

Sasa niwageukie wa kwetu, maana naona baadhi yenu mnatikisa kichwa mkisema Wahindi ndivyo walivyo.

Wahindi yupi? Kiswahili chetu kina neno hilo moja kwa Ismailia, Bohora, Mgoa Mkatoliki na Mgujarati Mhindu, watu ambao hawaoani wala hawasali pamoja. Waulize vijana kumi wa Dar waliosoma, Diwali ni sikukuu ya nani, na tisa watakujibu “ya Wahindi”, wakimweka humo hata Bohora anayekwenda msikitini. Mtaa wa Kisutu una mahekalu yanayofuatana, katikati ya jiji, na wanaopita hapo kila siku kwenda kazini hawajui ndani mna nini. Tunajua fashifashi tu, na tunalalamika mbwa wanashtuka.

Tumekopa kwao pesa, laki, bima na chapati. Tumekopa pia neno “vepari”, ambalo kwa Kigujarati ni mfanyabiashara basi, tukaligeuza kuwa bepari na kulichora kwenye katuni na tumbo kubwa. Mwaka 1971 sheria ya utaifishaji ilichukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Sheria haikutaja kabila la mtu. Wenye majumba hayo wengi walikuwa wenye asili ya Asia, na kila mtu alilijua hilo, na maelfu waliondoka nchini. Unaweza kuitetea sheria hiyo kwa hoja za ujamaa. Mimi mwenyewe naweza kuitetea nusu. Lakini usiniambie kwamba sisi hatujui maana ya kumwondoa mtu nyumbani kwake kwa jina la wengi.

Na usidhani ukuta umejengwa na upande mmoja. Niliporudi nilitafuta chumba Upanga, dalali akaniambia waziwazi kwamba mwenye nyumba anataka Mhindi mwenzake. Nilicheka. Alidhani nimechukia, akaniomba radhi, nikamwambia nimezoea, nilinyimwa na wenyewe kabisa kwao. Wapo Watanzania wa kizazi cha nne ambao Mswahili wanayemjua ndani ya nyumba ni yule anayepika na kufua. Diwali ikifika wanaleta viongozi, viongozi wanavishwa mashada ya maua, picha inapigwa, na maneno ya chini yake ningeweza kukuandikia bila kuyasoma.

Ofisini kwetu yupo mwenzetu mmoja, Mgujarati, Mhindu, aliyezaliwa Tanga kama mimi. Babu wa babu yake alishuka pale kwa jahazi. Kiswahili chake ni cha Chumbageni na kimenishinda mimi kwa misemo. Watu humwuliza kwao wapi, akijibu Tanga wanacheka wakisubiri jibu lenyewe. Diwali iliyopita alileta sinia mbili za vitamu, tukazimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Hakuna aliyemwuliza ilikuwaje kwake, alilala saa ngapi, mama yake aliwasha taa ngapi.

Mwezi wa pili yake mwenzetu mwingine alikuwa anaoa. Kundi la WhatsApp la michango lilipofunguliwa, yule Mgujarati alikuwa wa tatu kuingizwa. Mwenyekiti wa kamati alimwandikia ahadi yeye mwenyewe, laki tano, na alipoulizwa mbona wengine wamewekewa laki moja akasema, “Huyo Mhindi bwana, anazo.” Alilipa zote kabla ya siku ya mwisho. Kwenye vikao vya kamati hakuitwa. Kadi ilipotoka, sisi wa ofisini tulipangiwa meza ya ndugu na jamaa. Yeye kadi yake ilimweka meza ya wageni.